Bonde Lililokosekana

Saa nne kasorobo asubuhi ya Ijumaa, Inspekta alisimama mbele ya mlango wa pembeni wa chumba cha mazoezi ya tiba, akaupima upana wake kwa rula. Ulikuwa mlango wa kioo, na ukutani kando yake palikuwa na kijisanduku cheusi cha kusomea bangili za wagonjwa. Aliandika daftarini: Hufunguliwa kwa bangili. Hauna bawabu. Hauonekani kutoka mapokezi. Kisha akairudisha rula mfukoni. Ilikuwa rula ya mbao ya shule, iliyochakaa kingo zake, na kwa ajili yake wenzake kituoni walimwita Bwana Rula, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwa karibu.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi kulieleza. Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, gari la mhandisi mmoja wa majengo lilimgonga mkutubi wa maktaba ya umma alipokuwa akivuka njia panda amekumbatia vitabu, likaondoka bila kusimama. Mkutubi alikufa palepale. Jioni yake dereva wa mhandisi, mtu wa makamo aliyemtumikia kwa miaka kumi na mmoja, alikamatwa akiwa na gari lenye taa iliyovunjika. Dereva alidai kwamba asubuhi ile bosi wake alimshusha njiani, akashika usukani mwenyewe, akarejea baada ya saa nzima, gari limekwisha kuharibika. Mhandisi alikana. Bega lake la kulia lilikuwa limepasuliwa, daktari amemkataza kuendesha, na saa hiyo, alisema, alikuwa chumbani humu akifanya mazoezi. Mashine ilikuwa shahidi wake.

Alhamisi Inspekta alikuwa amemhoji nyumbani kwake, barazani. Mhandisi alijibu kila swali kwa utulivu, huku shemeji yake, mwashi mrefu kama mlingoti, akipiga lipu ukuta wa uani bila kugeuza shingo. Kisha mhandisi alimkabidhi Inspekta karatasi iliyotoka katika mashine. Iliandikwa: Jumanne, saa nne na dakika tano hadi saa nne na dakika arobaini na moja, zoezi limekamilika.

Saa nane mchana wa leo dereva angesomewa shtaka mahakamani.

Chumbani alipokewa na mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye wagonjwa wake walimwita Bibi Taratibu.

"Karibu, Afande. Vua viatu. Hapa watu hulala chini."

Inspekta alivua viatu, akavipanga sambamba ukutani.

"Nimekuja kwa habari ya mhandisi."

"Nimeshamweleza koplo wako. Alikuja, akafanya mazoezi, akaenda zake. Mashine haisemi uongo."

"Ulimwona?"

"Jumanne asubuhi mimi niko wodini. Wenye bangili hujifanyia wenyewe. Mimi huwaandikia mpango, mashine inawasimamia. Mwisho wa mwezi ndipo nakaa kuisoma michoro yao."

"Basi hukumwona."

"Kwa macho haya, sikumwona."

"Unayo mengine?"

Bibi Taratibu aliinua miwani, akamtazama vizuri. "Eh! Wewe ndiye wanayemwita Rula?"

"Ndimi," alisema Inspekta. "Naomba unioneshe mashine. Nifundishe kama mtu asiyejua kitu."

"Hiyo haitakuwa taabu, maana hujui kitu."

Mashine ilikuwa nguzo nyeusi iliyoshikizwa ukutani, yenye skrini kifuani na mkono wa chuma uliochomoza mbele. Katika ncha ya mkono huo ilitoka kebo nyembamba, na kwenye kebo ulifungwa mpini. Inspekta aliizunguka mara mbili.

"Vyuma viko wapi?"

"Hakuna vyuma. Ndani mna mota. Wewe unavuta, mota inakuvuta. Kwanza panga mkono ulingane na kimo chako. Una matundu kumi. Wa kimo chako ni tundu la sita."

Inspekta aliusukuma mkono wa chuma juu. Haukwenda. Aliusukuma tena, kwa mikono miwili. Mara ya tatu alitumia bega, na uso wake ukabadilika rangi.

"Taratibu, baba, utaung'oa ukuta," alisema mtaalamu. "Kuna kitufe chini yake, kwa nyuma, hakionekani. Ukibane kwa kidole gumba, ndipo uinue. Kila mgeni hushindana nao. Mcheza mpira mmoja alining'inia hapa kama popo, mpaka nikamwonea huruma."

Inspekta alikipapasa kitufe, akakibana, mkono ukapanda bila sauti. Akaandika jambo hilo daftarini.

"Inazo namna nne za ukinzani," aliendelea Bibi Taratibu, akigusa skrini. "Ya kwanza, uzito wa kudumu. Kilo kumi kwenda, kilo kumi kurudi, kama ndoo ya maji. Vuta."

Alivuta. Ilikuwa kama ndoo ya maji.

"Ya pili naiita mpira. Mwanzo ni nyepesi. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyokaza. Ya tatu ni rudisho zito. Unavuta kilo kumi, lakini ukianza kurudisha, mota inaongeza hadi kumi na nne. Hapo ndipo msuli hujengeka, na hapo ndipo watu wazima hutukana."

Inspekta hakutukana. Mkono wake ulivutwa chini kwa kasi kuliko alivyotarajia, rula ikamtoka mfukoni ikaanguka sakafuni. Aliiokota, akaifuta.

"Sasa nipe kumbukumbu zote za mhandisi. Si hii karatasi ya mstari mmoja. Zote."

Alipewa rundo lenye karatasi za Jumanne kumi na moja. Alizitandaza juu ya kitanda cha kukandia, akaanza kuzilinganisha, rula ikishuka mstari baada ya mstari. Uzito wa kudumu: kilo kumi na nne, mara kumi na mbili. Jumanne zilizopita zilisema hivyo hivyo. Mpira: sawa. Rudisho zito: sawa. Alirudia kazi hiyo tangu mwanzo, akitafuta pungufu au ziada ya kilo, asione hata chembe.

Simu yake ililia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Gari la mahabusu linaondoka saa saba na nusu. Unacho kitu?"

"Bado, mkuu."

"Bado si kitu."

Inspekta alikata simu. Alikusanya karatasi, akazisawazisha kingo, na alikuwa amekwisha kufunga daftari ilipoonekana safu ya mwisho ya ukurasa wa juu. Alilifungua daftari tena.

"Mama, ulisema namna nne. Mimi nimevuta tatu. Na hapa mstari wa nne hauna kilo."

"Hauwezi kuwa na kilo. Hiyo ni mwendo sawa. Pale mimi siipangii mashine uzito, naipangia kasi tu. Ukivuta kwa nguvu, nayo inakaza kwa nguvu hiyo hiyo; ukilegea, inalegea nawe. Hakuna mzigo wa kumwangukia mgonjwa. Nawapa mwishoni, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ili nione wameponea wapi."

"Kama haina uzito, inaandika nini?"

"Inaandika alichotoa mtu mwenyewe, tangu mkono ukiwa pajani mpaka juu ya kichwa. Zile tatu huishia kifuani."

Inspekta aliiweka rula chini. "Yaani katika namna tatu za kwanza mashine ndiyo inayosema, mtu anaitikia. Katika hii ya nne, mtu ndiye anayesema."

"Umeanza kujua kitu," alisema Bibi Taratibu.

Aliketi, akaifungua michoro ya mwendo sawa kwenye skrini. Alianza na wa Jumanne ya kwanza. Mstari wa mkono wa kulia ulipanda vizuri kutoka pajani; ulipofika usawa wa bega ukatumbukia ghafla hadi kilo tano, kisha ukapanda tena taratibu. Lilikuwa bonde, tena bonde refu.

"Hapo ndipo maumivu yalipo," alieleza. "Yeye mwenyewe hajui kama analegea. Mkono unalegea wenyewe."

Jumanne ya pili ilikuwa na bonde. Ya tano pia. Ya kumi, yaani wiki iliyotangulia ajali, bonde lilikuwa palepale, kilo saba. Kisha alifungua Jumanne ya kumi na moja.

Mstari ulipanda hadi kilo thelathini na moja, ukakaa juu, ukashuka polepole kama kilima. Bonde halikuwapo. Mtaalamu alisogeza kiti karibu na skrini. Akarudi nyuma mchoro mmoja, akaja mbele tena.

"Mama, bega lililopasuliwa laweza kupona hivi kwa siku saba?"

"Lingeweza, ningefunga chumba hiki nikauze mitumba." Alivua miwani. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Huyu si mgonjwa wangu, Afande. Nami nimemwambia koplo wako kwamba alikuja."

"Ulimwambia yaliyoandikwa. Sasa soma yaliyobaki. Mkono wa kushoto unasemaje?"

Mkono wa kushoto wa mtu yule asiyejulikana ulikuwa dhaifu kidogo kuliko wa kulia, na mwanzoni kabisa mwa kila mvuto mstari uliruka juu na kushuka, ukafanya kitu kama jino. Lilijitokeza katika mivuto yote sita.

"Kiwiko kinakwama," alisema. "Mfupa uliovunjika zamani ukaungwa vibaya. Mhandisi hana jino hili."

"Na tundu?"

"Tundu gani?"

"La mkono wa mashine. Kila ukurasa umeandika tundu la sita. Huu wa mwisho umeandika la nane."

Bibi Taratibu alihesabu kwa vidole. "Basi ni mtu aliyempita mhandisi kwa shibiri nzima."

Inspekta aliomba daftari la mfagizi, lililotundikwa kwa msumari nyuma ya mlango. Chini ya Jumanne palikuwa na mwandiko mzito wa penseli: Mpini umejaa chokaa. Nani anakuja na mikono michafu hivi? Sisi si punda. Inspekta aliyasoma maneno hayo mara mbili, kisha akapiga simu kituoni, akaagiza mwashi aletwe kutoka uani kwa mhandisi, bila pingu na bila makelele.

Mwashi aliletwa saa sita na robo. Alilazimika kuinama mlangoni. Chokaa ilikuwa imemkaukia hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama. Afande, salama?"

"Salama. Keti. Kabla hujasema neno, nisikilize mimi. Nachunguza kifo cha mkutubi. Hulazimiki kujibu wala kufanya lolote nitakalokuomba. Ukijibu, nitaandika, na kitakachoandikwa kitasomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ulishawahi kuingia chumba hiki?"

"Hapana, Afande. Ndiyo mara ya kwanza. Mimi na hospitali hatupatani."

"Shemeji yako hakukutuma hapa?"

"Anitume kufanya nini? Mazoezi yangu ni matofali."

Inspekta aliandika majibu yote matatu, akamsomea, mwashi akaitikia kwamba ni sahihi. Ndipo Inspekta alipokwenda mashineni, akaushusha mkono wa chuma mpaka tundu la chini.

"Tafadhali uinue huu hadi kimo chako, nami nipime. Waweza kukataa."

Mwashi alisimama. Hakuutazama. Alipitisha kiganja chini yake kwa nyuma, akakibana kitufe kwa kidole gumba, akaupandisha kwa mkono mmoja na kuuachia. Ulinasa penye tundu la nane.

Bibi Taratibu aliinamisha uso akatazama viganja vyake.

"Mimi nilikitafuta kitufe hicho mpaka jasho likanitoka," alisema Inspekta. "Mama huyu amenambia kila mgeni hushindana nacho."

Mwashi alibaki amesimama, mkono ungali hewani. Kisha akaketi kwenye benchi, na benchi likalia.

"Alisema ni mahudhurio tu," alisema hatimaye. "Akikosa hata Jumanne moja, kazini hawatamruhusu kurudi kwenye majengo. Ana safari yake kidogo, akasema, ya saa moja. Dada naye akanambia, nenda bwana, mara moja tu, itakupunguza nini? Akanipa bangili."

"Alikueleza namna ya kufanya?"

"Alinieleza kitufe kilipo. Akaniandikia kiganjani kwa kalamu: kilo kumi na nne, mara kumi na mbili. Usizidishe, usipunguze. Nikafanya vile vile."

"Na zoezi la mwisho?"

"Lile hakuniandikia. Halikuwa na kilo. Skrini ikaandika, vuta kwa nguvu zako zote." Mwashi aliinua macho. "Nikavuta kwa nguvu zangu zote."

"Kwa nini?"

"Afande, si ndivyo nilivyoambiwa?"

Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno.

"Jioni ulisikia habari za mkutubi."

"Nilisikia. Shemeji akasema ni dereva."

"Ulijua shemeji yako hakuwa hapa."

"Nilijua hakuwa hapa. Alikokuwa sikujua. Sikutaka kujua."

"Jana ulinisikia nikimhoji. Ulikuwa hatua kumi kutoka barazani."

"Nilisikia." Mwashi alianza kubandua chokaa mkononi kwa kucha, gamba moja baada ya jingine. "Yule ni mume wa dada yangu. Nyumba ile ndiyo ninayolala. Nikisema, dada yangu atalala wapi?"

"Mke wa dereva amelala wapi usiku huu wa tatu, unajua?"

Mwashi aliendelea kubandua.

"Amelala kwenye benchi la mapokezi ya kituo. Ameleta sahani yenye kifuniko kila asubuhi. Nimempita leo nikija huku."

Gamba la chokaa lilianguka sakafuni. Mwashi aliinama akaliokota, akalitia mfukoni kama mtu aliyechafua nyumba ya watu.

"Niambie nivute wapi," alisema.

Alivuta kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto, katika namna ya mwendo sawa, mara sita kila upande. Mtaalamu aliutandaza mchoro mpya juu ya ule wa Jumanne. Kilima kilikaa juu ya kilima. Upande wa kushoto, mwanzoni mwa kila mvuto, lilikuwapo jino.

"Niliangukia kiwiko hiki nikiwa fundi mwanafunzi," alisema mwashi, ingawa hakuulizwa. "Jukwaa lilikuwa na ubao uliooza."

Alitia sahihi maelezo yake ukurasa kwa ukurasa. Kisha akachomoa kutoka mfuko wa ndani bangili nyeusi iliyofungwa katika kitambaa, akaiweka mezani. Alikuwa hajairudisha.

"Jambo moja limebaki," Inspekta alimwambia mtaalamu. Alikunjua mchoro wa njia panda uliochorwa na askari wa usalama barabarani. "Matairi yalianza kukata kushoto kumkwepa marehemu. Yalikata mita tatu. Kisha yakanyooka, yakaenda moja kwa moja hadi alipokuwa. Dereva ameniambia hajui ni kwa nini, maana hakuwamo. Niliandika kwamba anakwepa swali."

Bibi Taratibu alishika usukani usioonekana. Aliuzungusha kushoto kwa ghafla, mkono wake wa kulia ukapanda ukivuka mbele ya uso. Ulipofika usawa wa bega, aliusimamisha hapo.

"Hapa," alisema.

Inspekta aliweka rula kwenye skrini, juu ya mchoro wa Jumanne ya kumi, penye kina cha bonde. Alisoma kipimo, akakiandika kando ya mita tatu za barabarani. Ndipo akapiga simu.

"Mkuu, zuieni gari la mahabusu. Na tafadhali, wawili waende kwa mhandisi. Watamkuta barazani."

Alifika kituoni saa saba na dakika ishirini. Dereva alikuwa tayari ameandaliwa kwa safari ya mahakamani, shati limechomekwa, suruali ameishikilia kwa mkono kwa kuwa mkanda ulikuwa kabatini pamoja na kamba za viatu. Inspekta mwenyewe alifungua kabati, akavitoa, akavihesabu mbele yake na kumtaka atie sahihi.

"Unakwenda nyumbani. Mkeo yuko mapokezi."

Dereva alivipokea vitu vyake, akaketi kwenye benchi na kuanza kuingiza kamba katika matundu ya kiatu. Vidole vyake havikuwa na haraka.

"Nani kanishuhudia, Afande? Pale njiani hapakuwa na mtu."

"Mkono wa bosi wako. Hauwezi kukata kona. Ukifika usawa wa bega, unalegea."

"Hilo najua."

Inspekta alisimama. "Unajua?"

"Tangu apasuliwe. Funguo ananipa kwa mkono wa kushoto. Kioo cha juu namrekebishia mimi. Mzee huyo hata kofia havai siku hizi." Alivuta kamba ikakaza. "Jumanne nilimwambia, bosi, kona zitakushinda. Akasema nishuke."

"Siku tatu nimekuhoji. Mbona hukunieleza?"

Dereva alimaliza kufunga kiatu cha kwanza, akainua uso.

"Uliniuliza nilikuwa wapi, Afande. Nikakujibu. Mkono wake hukuuliza."

Akainama kufunga kiatu cha pili. Inspekta alifungua daftari, akapiga mstari kwa rula chini ya maelezo ya siku tatu, na chini ya mstari huo akaandika maneno ya dereva kama yalivyosemwa, pamoja na saa.